Kujitoa Jumuiya na haki ya kubadili nia

Hapa Kalokol akina mama huanika na kutia chumvi samaki wa Ziwa Turkana, na shehena nyingine huishia Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ndiyo maana swali hili linatugusa: nchi ikitangaza kujitoa Jumuiya, inaweza kurudi nyuma? Inaweza. Ili kujitoa, Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya wa 1999 inataka theluthi mbili ya wabunge wa nchi hiyo waunge mkono, na notisi ya miezi 12, na nchi yaweza kuifuta kabla muda haujaisha. Uingereza, ilipokuwa ikijitoa Umoja wa Ulaya, ilithibitishiwa haki kama hiyo na Mahakama ya Haki ya Umoja huo Desemba 2018. Ila Mkataba hausemi nani afute: rais au bunge? Sisi tunataka bunge, hadharani, na wachuuzi wa samaki wasikilizwe kwanza.