Somo la mishale na mtoto anayeharisha

Leo nina dukuduku, na linatuhusu sisi walimu watarajiwa wa Baiolojia hapa Iyunga. Kidato cha pili tunafundisha jinsi vitu vinavyosafiri mwilini: difyusheni, osmosisi, na ule usafirishaji unaokula nishati. Mwanafunzi anakariri kwa Kiingereza, anachora mishale, anapata A. Akirudi nyumbani anakuta mdogo wake anaharisha, bibi anasema "msimpe maji, atazidi", na yeye ananyamaza. Hiyo A ya nini jamani?

Mimi nasema somo lianze na pakiti ya ORS. Kwa lita moja ina glukosi gramu 13.5 na chumvi ya kawaida gramu 2.6, pamoja na potasiamu na sitrati. Sukari ile si ya kumbembeleza mtoto! Seli zinazotandaza utumbo mdogo zina mlango ambao sodiamu 2 huingia zikiwa zimeshikana na glukosi 1. Upande wa pili, unaoelekea kwenye damu, pampu inaitoa sodiamu nje, na hapo ndipo nishati inapoliwa. Maji yanafuata. Robert Crane aliueleza mlango huu Prague mwaka 1960.

Utamu wenyewe uko hapa: sumu ya kipindupindu inafungulia kloraidi imwagike utumboni na maji yanaifuata, lakini mlango wa sukari na sodiamu inauacha mzima. Ndiyo maana mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, Dilip Mahalanabis alipoishiwa dripu aligawa mchanganyiko wa kunywa, na vifo vikashuka toka kama asilimia 30 hadi 3.6. Na sisi kipindupindu si hadithi, kile kilichoanzia Dar Agosti 2015 kilisambaa mikoani.

Osmosisi nayo ifundishwe kwa soda. Sukari ikizidi inavuta maji yarudi utumboni, mtoto anaharisha zaidi. Pakiti ikikosekana: vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa. Akilegea au akishindwa kunywa, hospitali haraka.

Jamaa yangu wa bweni anabisha, eti NECTA hawaulizi mambo ya bibi. Sawa, waulize wanachotaka, mishale ni ile ile. Mimi nikienda mazoezi ya kufundisha, mkaguzi atanikuta na chupa ya lita na kijiko.