"Haina Madhara"

Katika biashara nzima ya virutubisho, hakuna maneno yanayonikera kama "haina madhara". Yanasemwa kwa upole, mbele ya mgonjwa aliyetoka kutundikiwa dripu ya saratani, na anayeyasema ana boksi la vidonge mkononi. Wanaoahidi kuponya kansa kwa wiki mbili tumeshajifunza kuwacheka. Huyu wa "haina madhara" tunamkaribisha sebuleni na chai tunampa.

Haina madhara, nani kapima? Finland walipima. Walichukua wanaume wavutaji sigara 29,133, maana watu wanaokula sana mboga na matunda yenye betakarotini, ile inayoipa karoti rangi yake, walionekana kuugua saratani ya mapafu kwa nadra. Basi baadhi yao wakapewa vidonge vyake. Majibu yalipotoka mwaka 1994, waliomeza betakarotini walikuwa wameugua saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani, utafiti wa CARET uliochanganya betakarotini na vitamini A ulisimamishwa kabla ya wakati, Januari 1996, kwa sababu hiyo hiyo. Na tunazungumzia kitu kilichomo kwenye karoti, jamani.

Utaniambia hao walikuwa bado hawajaugua. Sawa. Linus Pauling, mshindi wa Nobel mara mbili, alisisitiza kwamba vitamini C kwa dozi kubwa huwaongezea wagonjwa wa saratani maisha. Mayo Clinic walijaribu kwa gramu 10 kwa siku, wakilinganisha na vidonge vitupu, wakatangaza majibu mwaka 1979 na tena 1985. Hawakuona faida. Kama Nobel mbili hazikutosha kuifanya vitamini iwe dawa, kozi ya siku tatu ya uwakala itatosha?

Halafu kuna kugongana kwa dawa. Methotrexate hufanya kazi kwa kuizuia seli kutumia foleti. Sasa mgonjwa anayemeza vidonge vya foliki bila daktari kujua huenda anaisaidia seli ile ile ambayo dawa inahangaika kuiua.

Sipingi lishe. Anayetapika na kukonda anahitaji kula, na mara nyingine anahitaji unga maalumu wa protini. Damu ikionyesha upungufu wa madini ya chuma, daktari ataandika chuma. Hapo kuna kipimo, kuna dozi, na kuna mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika.

Kwa mama yangu mdogo hapakuwa na mtu huyo. Boksi lake la kwanza lilinunuliwa kwa hela ya nauli ya kwenda kwenye mionzi, akakosa siku mbili. Nilimwomba muuzaji aandike kwenye karatasi kwamba vidonge vyake havigongani na dawa za hospitali, kisha asaini. Akaniambia nina imani haba. Kusaini hakusaini.

Na ninyi madaktari msijifiche nyuma ya hasira zangu. Mama mdogo alikuwa akificha maboksi chini ya kitanda kwa sababu kliniki aliwahi kuona mwenzake akifokewa kwa kutumia mitishamba. Mgonjwa akishafokewa haachi, anaacha kusema tu. Kuuliza "unameza nini kingine?" kwa sauti ya kawaida ni kazi ya sekunde chache. Nimelipitia faili lake ukurasa kwa ukurasa, na swali hilo halimo.