Bafle tano, sauti moja: wanunuzi wa Lubumbashi wasilipie kelele

LUBUMBASHI – Katika maduka ya vyombo vya umeme mjini Lubumbashi, bafle hazinyamazi tangu asubuhi. Muuzaji anapanga seti ya sinema ya nyumbani karibu na mlango, bafle tano pamoja na sanduku kubwa la besi, kisha anafungulia muziki mpaka mwisho. Mpita njia anasikia kifua kinatetemeka hata kabla ya kuuliza bei. Ndivyo seti hizi zinavyouzwa, na ndivyo watu wengi wanavyozinunua: kwa kifua, si kwa masikio.

Fedha zinazotoka hapo si ndogo. Kwa mwalimu, fundi au mama wa soko, seti kama hiyo ni akiba ya miezi mingi, na mara nyingine ni zamu nzima ya likelemba. Familia ikifika nyumbani na kukuta maneno ya filamu hayasikiki, fedha haitarudi kwa urahisi. Kwa hiyo ni heri kusema wazi: seti ya sinema ipimwe kwanza kwa maneno ya waigizaji, pili kwa umeme wa nyumba itakamowekwa. Ukubwa wa kelele uje mwisho.

Kila sanduku lina kazi yake. Mpangilio ulioenea zaidi unaitwa 5.1, yaani bafle tano na besi moja. Katika majumba ya sinema ulijulikana sana kuanzia mwaka 1992, pale filamu Batman Returns ilipotoka na sauti ya Dolby Digital. Bafle mbili za mbele, kushoto na kulia, hubeba muziki na mwendo wa vitu. Mbili za nyuma hubeba mvua, upepo na makelele ya watu wengi. Sanduku la besi hubeba sauti nene tu, kama ngurumo na mlipuko. Ile ya katikati, inayokaa chini ya televizio, ndiyo inayobeba karibu maneno yote ya waigizaji.

Ajabu ni kwamba katika seti nyingi za bei ya chini, bafle hiyo ya katikati ndiyo nyepesi kuliko zote: kiboksi cha plastiki chenye spika ndogo ndani. Matokeo yanajulikana katika nyumba nyingi. Watu wawili wakizungumza ndani ya filamu, baba anashika telekomande na kuongeza sauti. Dakika mbili baadaye bomu linalipuka, mtoto anaamka akilia, na jirani anagonga ukuta. Tatizo hapo si mkono wa baba bali seti isiyoweza kusema polepole na ikaeleweka.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mtaalamu. Mnunuzi aende dukani na filamu anayoifahamu, yenye watu wanaozungumza kwa sauti ya chini. Aombe sauti ipunguzwe mpaka yeye na muuzaji waweze kuongea bila kupaza. Kama maneno ya filamu bado yanasikika moja moja, seti ina thamani. Kama sauti ya mwanaume inatoka kana kwamba yuko ndani ya ndoo, au herufi «s» zinakwaruza masikio, mnunuzi aendelee na safari yake. Baada ya hapo ndipo sauti iongezwe taratibu, ili kusikia kama masanduku yanaanza kugongagonga au muziki unapasuka.

Jambo la pili ni hesabu ya wati. Katoni nyingi zimeandikwa maelfu ya wati, na pembeni kwa herufi ndogo limewekwa neno PMPO. Namba hiyo haina kanuni moja inayofuatwa na viwanda vyote. Kila kiwanda kinaweza kujiandikia kinavyotaka. Namba ya kutafuta ni ile yenye alama RMS, inayoonyesha nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa kuendelea. Hata hiyo isimpumbaze mtu. Kutoka wati 50 kwenda wati 100, sauti inaongezeka kwa desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie kwamba kelele imekuwa mara mbili, zinahitajika kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Anayelipa zaidi kwa sababu ya namba ya katoni mara nyingi analipia wino.

La tatu ni chanzo cha sauti, na hapa ndipo wengi wanapotea. Filamu nyingi zinazonakiliwa kwenye flashi hapa mjini zimebanwa ili faili iwe ndogo, na mara nyingi zimebaki na njia mbili tu za sauti. Vilevile, waya mbili za kawaida, mwekundu na mweupe, hubeba njia mbili peke yake. Hapo bafle za nyuma zinarudia tu yale ya mbele: tano ukutani, lakini sauti ni mbili. Ili tano zifanye kazi kweli, inatakiwa filamu yenye sauti ya 5.1, pamoja na waya wa HDMI au ule wa optiki. Asiyekuwa na hivyo, wala hana mpango wa kuvipata, anunue bafle mbili nzuri kwa fedha ileile. Atasikia vizuri zaidi.

Chumba nacho kina neno. Katika saloni nyingi za Katuba, Kenya au Ruashi, kiti kirefu kimeegemea ukuta, sakafu ni ya simenti, na pengine juu ni mabati bila plafo. Sauti inagonga na kurudi, maneno yanachanganyika. Pazia nzito na zulia husaidia kuliko bafle ya ziada. Bafle za nyuma, kama hakuna nafasi nyuma ya kiti, ziwekwe pembeni mwa wakaaji, juu kidogo ya masikio.

Kisha kuna umeme. Delestaji inajulikana katika kila komine, na hatari yake kwa vyombo huja hasa umeme unaporudi kwa kishindo au unapopungua jioni wakati kila nyumba inapika. Seti iliyotengenezwa kwa volti 220 inaweza kuungua siku hiyo. Bei ya stabilizateri nzuri iingizwe katika hesabu tangu mwanzo, hata kama italazimu kununua seti ndogo zaidi. Na anayependa vyombo vya okazio asome kibandiko cha nyuma kwanza: vya Japani hutumia volti 100, vya Marekani 120. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye 220, moshi ndio sauti yake ya mwisho.

Wapo watakaosema kwamba watu hawanunui seti hizi kwa ajili ya filamu, bali kwa sikukuu, ndoa na muziki wa Jumapili. Ni kweli kwa wengi. Lakini muziki mwingi una njia mbili tu, na bafle mbili kubwa zenye amplifikateri imara zitafanya kazi hiyo vizuri kuliko vijisanduku vitano. Tena parseli moja inakaliwa na familia tatu au nne. Upande wa pili wa ukuta kuna mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, na kuna aliyetoka zamu ya usiku mgodini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidi saa 40 kwa juma kwenye sauti ya desibeli 80. Seti inayoeleweka kwa sauti ya chini ni faida pia kwa jirani.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Katoni ifunguliwe mbele ya mnunuzi, kila bafle isikilizwe peke yake, na risiti iandikwe jina kamili la chombo na siku za garanti. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatapoteza kitu kwa kumwachia mteja robo saa na telekomande mkononi. Anayekataa sauti ipunguzwe, huyo ameshajibu swali la mnunuzi.