Nani Analala Chini ya Njia ya Ndege?



Katika mkutano wetu uliopita nilisimama nikataja habari ya kiwanja cha ndege cha Goma, kelele zake, na nyumba zilizobanana nacho. Wenzangu wawili watatu wakacheka. Mzee mmoja wa shamba la chai, ambaye namheshimu sana, akaniambia: "Mdogo wangu, sisi tuna mambo ya mshahara, ya dawa, ya mabuti, na ya mizani inayotuibia majani. Ndege ni mambo ya matajiri. Waache na ndege zao." Sikumjibu siku ile kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Leo namjibu, na wengine mliocheka someni pia.

Mimi nasema kelele ya ndege ni jambo la mshahara, sawasawa na mizani ya majani.

Nilipofika Goma nikiwa kijana nilipanga chumba cha mbao pale Birere, sisi watu wanne katika chumba kimoja. Nilikuwa nabeba makreti katika depo, zamu ya usiku. Asubuhi narudi, nanawa uso, nalala. Kabla usingizi haujashika, ndege ya kwanza inapita. Bati linalia, kifuniko cha sufuria kinacheza, kioo kilichotundikwa kwenye msumari kinageukia ukuta. Watu wa Birere tulikuwa na desturi yetu ya kuzungumza: unasema nusu ya neno, ndege inapita, unangoja mdomo wazi, halafu unamaliza. Mgeni akitutembelea alidhani tuna ugonjwa. Basi unalala tena, unaamshwa tena. Ifikapo saa nane mchana umelala mara sita, na hujalala hata mara moja. Jioni unarudi kazini.

Mmoja wetu katika chumba kile alifanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao, naye alikuwa zamu ya usiku. Usiku mmoja mashine ikamkata vidole viwili. Mwajiri akaandika kwenye karatasi kwamba ni uzembe wa mfanyakazi, akampa fedha kidogo, na yule ndugu akarudi kijijini kwao. Mimi sikuwa mjumbe wakati ule, nilikuwa mtu wa kubeba tu, nikanyamaza. Lakini nilijua jambo ambalo karatasi ile haikuandika, nalo ni kwamba mtu yule alikuwa hajapata usingizi wa kweli kwa siku tatu. Tangu hapo kila ninapoona neno "uzembe" katika karatasi ya ajali, nauliza kwanza mtu huyu analala wapi.

Sasa niwaeleze kidogo jinsi wataalamu wanavyoipima kelele, kwa maana tukikaa nao mezani bila kujua kipimo chao watatuzungusha. Kelele hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki kina ujanja wake. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Ukifika 70 usidhani kelele imeongezeka kidogo tu; sikio lasikia kama imekuwa mara mbili. Katika nchi nyingi sheria za viwandani husema kelele ikifika 85 kwa saa nane za kazi, lazima masikio ya mfanyakazi yalindwe. Wale ndugu zetu wanaopakia mizigo kwenye ndege, injini ikinguruma karibu yao, wanaipita hiyo mbali sana, na wengi nimewaona wameziba masikio kwa vidole au kwa kipande cha kitambaa. Hilo ni shauri la kudai kwa mwajiri mara moja, wala halihitaji maneno mengi.

Ama kwa nyumbani, Shirika la Afya Duniani, upande wake wa Ulaya, mwaka 2018 lilitoa shauri kwamba kelele ya ndege mahali watu wanapoishi isizidi wastani wa desibeli 45, na usiku isizidi 40. Katika kufanya wastani huo huongeza desibeli 5 kwa kelele ya jioni na 10 kwa kelele ya usiku, kwa sababu usiku ndipo watu hulala. Hesabu hiyo yamfaa karani. Je, mlinzi? Je, mtu wa zamu ya usiku kiwandani? Usiku wake ni mchana. Ndege ikipita saa nne asubuhi juu ya kichwa chake, hesabu yao haimwongezei hata desibeli moja. Kwao huyo ni mtu aliye macho. Ndiyo maana nataka sendika iwe na kiti siku ramani ya kelele inapochorwa. Hakuna mtaalamu atakayewakumbuka watu wa zamu kama sisi wenyewe hatupo.

Na watoto pia. Mji wa Munich, Ujerumani, mwaka 1992 ulifunga kiwanja chake cha zamani ukafungua kipya mahali pengine. Wataalamu waliwapima watoto wa shule wa pande zote mbili, kabla na baada. Kule ndege zilikoondoka, watoto wakaanza kusoma na kukumbuka vizuri zaidi. Kule zilikohamia, wakarudi nyuma. Nilipoelezwa habari hiyo nilifikiri habari za shule zetu za mbao, ambamo mwalimu hunyamaza ndege ikipita kisha hulianza somo upya. Mimi niliishia shule ya msingi, na nawatakia wanangu wafike mbali kuliko hapo.

Lakini kelele si mwisho wa jambo. Kelele ni alama tu. Mahali ndege inapokulilia juu ya bati ndipo mahali itakapokuangukia ikiharibika.

Watu wa Goma hili hawafundishwi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto wake mjini, ukafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ikabaki kama theluthi mbili upande wa kusini. Upande huo wa kusini ndiko iliko Birere, na soko, na nyumba, na wasukuma chukudu. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria aina ya DC-9 ilikimbia ili iruke, ikashindwa, ikapita mwisho wa njia na kuingia katikati ya watu. Walikufa watu wapatao 40, na wengi wao hawakuwa na tiketi mkononi. Walikuwa wanauza, wananunua, wanashona nguo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, ndege nyingine kubwa ilitua ikashindwa kusimama, ikaishia kwenye mawe ya volkano. Hakufa mtu. Hebu pimeni: mahali pa mawe matupu watu walipona, mahali pa soko watu walikufa. Halafu tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo aina ya Dornier iliyokuwa inakwenda Beni ikaanguka juu ya nyumba za Mapendo mara tu baada ya kuruka. Ndani mlikuwa na watu 19. Waliokufa walizidi 20, kwa kuwa na wenye nyumba walikuwamo.

Na Kinshasa je? Tarehe 8 Januari 1996 Antonov iliyokuwa inatoka kiwanja cha Ndolo iliingia katika soko la Simba Zikita. Walikufa watu zaidi ya 200.

Shirika la dunia la usafiri wa ndege, ICAO, limeweka kanuni. Baada ya mwisho wa njia ya ndege pawe na ukanda wa mita 60, kisha kwa ndege kubwa pawe na mita 90 nyingine zilizo wazi, na yafaa ziwe 240. Yaani mita 300 zisizo na nyumba, zisizo na soko. Mwenye kuijua Birere atembee mita 300 kutoka ukuta wa kiwanja, ahesabu milango.

Hapo wakubwa hutujibu kwa neno moja: "Walikuja wenyewe. Kiwanja kilikuwapo kwanza." Neno hili limewaziba midomo wengi, hata ndani ya sendika. Mimi nalikataa. Nani aliwauzia zile paseli? Watu wana karatasi zenye muhuri. Walilipa kodi, walilipa kwa shefu wa kartie, walilipa kwa ofisi ya ardhi, na hakuna aliyewakatalia fedha. Wengi walifika Goma wakikimbia vita tangu miaka ya 1990, mkononi hawana kitu isipokuwa mtoto na bidoni ya maji. Mtu wa namna hiyo hachagui kartie. Mfuko wake ndio unaomchagulia. Na yule mwenye mshahara naye hachagui. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri ashughulikie malazi ya mfanyakazi, kwa nyumba au kwa posho ya nyumba. Posho mnazopata mwazijua. Inapanga wapi posho ile? Haipangi kando ya ziwa. Inapanga chumba cha mbao mahali ambapo kodi ni ndogo, na kodi ni ndogo kwa sababu ndege zinapita. Kwa hiyo mwajiri anapopunguza posho, anakupeleka chini ya ndege, halafu unapokuja kazini bila usingizi anaandika "uzembe." Mzee wangu wa shamba la chai, hapo ndipo mizani yenyewe ilipo.

Kuna ndugu wanaosema basi nyumba zivunjwe. Hao nawaogopa kuliko ndege. Mashine ya kuvunja ikija asubuhi, mtu anaondoka na godoro kichwani, na baada ya miezi miwili amerudi palepale au amekwenda kujenga mwisho wa pili wa njia ya ndege. Wengine wanasema tuache kama ilivyo, Mungu yupo. Hao pia siwaungi mkono, maana mwaka 2008 tuliona, na mwaka 2019 tuliona.

ICAO mwaka 2001 ilikubali njia nne za kupunguza kelele: ndege zenye injini tulivu zaidi, mpango wa ardhi kuzunguka kiwanja, namna ya kurusha na kutua isiyopita juu ya watu, na mwisho kuzuia baadhi ya ndege au baadhi ya saa. Ya kwanza haiko mikononi mwetu. Huku kwetu zimeletwa mara nyingi ndege zilizochoka kwa wengine. Ya tatu na ya nne zinazungumzika. Lakini ya pili, ya ardhi, ndiyo yetu hasa. Huko Ulaya husaidia nyumba kwa kuziwekea vioo viwili viwili na dari nene. Nyumba ya mbao na bati utaiwekea nini? Kelele huingia kama upepo. Nyumba za namna hiyo hazitengenezeki kwa kelele; lazima watu wapate mahali pengine.

Wapate kwanza, ndipo waondoke. Walipwe kwa bei ya leo, mpangaji naye asisahauliwe, maana kila mara fedha hupewa mwenye paseli, na sisi tunaopanga tunaambiwa kwaheri. Kule wanakopelekwa pawe na maji, shule, na njia ya kufika kazini kwa miguu au kwa nauli isiyomeza mshahara. Na ardhi inayoachwa isiachwe tupu. Katika Goma ardhi tupu haimalizi msimu mmoja wa mvua. Nje ya zile mita 300, iwekwe maghala, magaraji, viwanja vya kuuzia mbao, mahali ambapo watu wachache hufanya kazi na jioni huondoka. Soko lisirudi hapo hata kidogo, wala takataka za soko, kwa kuwa takataka huleta ndege wa mbawa, na ndege wa mbawa akiingia katika injini ni hatari nyingine.

Ninyi wa mashambani msidhani hamumo. Kiwanja cha Kavumu kilijengwa mbali na Bukavu, kati ya mashamba. Chai na kahawa hazisumbuliwi na kelele, na shamba ni jirani mwema wa kiwanja. Lakini siku mwenye shamba atakapoona paseli zinalipa kuliko kahawa, atakata vipande auze, na kambi ya wafanyakazi ndiyo itakayosogezwa ukutani. Mkiona watu wa kupima ardhi wanapita na kamba, ulizeni mapema.

Mwezi wa Januari 2025 vita vilipoingia Goma kiwanja kilifungwa, na kelele ikakatika. Habari za vita si mahali pake hapa. Nataja kimya kile kwa sababu moja: ndege zikinyamaza watu husahau, na nyumba huzidi kusogea. Rafiki yangu mmoja alifurahi kwamba amepata chumba cha bei nafuu karibu na ukuta. Nikamuuliza kwa nini ni cha bei nafuu. Akafikiri, akacheka, akalipa kodi ya miezi mitatu.

Nimeomba jambo hili liandikwe katika ajenda ya mkutano ujao, chini ya posho ya nyumba. Kila mjumbe aje na hesabu ya watu wake: wangapi wanaishi Birere, Mapendo na kartie nyingine zilizo chini ya njia ya ndege, wangapi kati yao wako zamu ya usiku, na kila mmoja analipa kodi kiasi gani. Wajumbe wa mashambani walete majina ya kambi zilizo karibu na Kavumu. Msiandike majina ya watu, idadi yatosha.