Wanasema na Nani?

Nimefundisha Kiswahili karibu maisha yangu yote, kwanza shule ya msingi, kisha chuo cha ualimu. Niliwahi kuwaadhibu wanafunzi kwa kuzungumza Kikuria bwenini. Kwa hiyo haya ninayoyaandika yananiwia magumu, na wanafunzi wangu wa zamani wana haki ya kunicheka.

Desemba moja, mwaka unaogawanyika kwa mbili (msomaji wa Tarime au Serengeti anajua kuwa huo ni mwaka wa saro), nilikaa sebuleni na bibi mmoja jirani tukitazama televisheni. Kituo kimojawapo kilikuwa na kipindi cha elimu kwa umma kuhusu ukeketaji. Binti mtaalamu alieleza "athari za kisaikolojia" na "mifumo kandamizi". Kisha likaja tangazo la sabuni. Bibi, mwenye wajukuu watatu wa rika la kutahiriwa, akaniuliza kwa Kikuria, "Mwalimu, yule mtoto anagombana na nani?"

Sikuwa na jibu. Yule binti alikuwa akisema na watu waliokwisha kukubaliana naye.

Ndugu msomaji, sheria tunayo. Tangu 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa 2015-16 uliwakuta wanawake 32 katika kila 100 mkoani Mara wamekeketwa, wakati nchi nzima walikuwa 10. Anayeamua kisu kitoke lini si mtazamaji wa Dar es Salaam. Ni wazee wa mila, ngariba, na bibi kama huyu wangu.

Nikisema watangaziwe kwa Kikuria, naambiwa kanuni haziruhusu. Ni kweli kwamba kanuni za maudhui za 2018 ziliagiza Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine kwa kibali. Kibali basi kiombwe! Naambiwa pia tutaleta ukabila, na ninatajiwa Kenya, ambako baadhi ya redio za lugha za makabila zililaumiwa kwa uchochezi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hofu hiyo siidharau. Mimi ni mtu wa kizazi cha Mwalimu Nyerere. Lakini RTLM ya Rwanda ilichochea mauaji ya 1994 kwa Kinyarwanda, lugha ya Mhutu na Mtutsi sawia. Lugha moja haikumwokoa mtu. Kilichokosekana ni msimamizi mwenye dhamira.

Ninachodai ni nusu saa kwa juma. Warekodi Sirari, Nyamongo, Mugumu. Kikuria juma hili, Kingoreme linalofuata, na maandishi ya Kiswahili chini ya picha ili mamlaka isome kila neno. Wasichana waliokimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu waachwe wapumzike. Sura zao zisitembezwe. Waiteni ngariba waliotupa visu, na mzee wa mila aliyekataa kutangaza saro, abishane na mwenzake aliyekubali.

Na kipindi kianze Julai. Desemba ng'ombe wa sherehe wamekwisha kuchaguliwa, na watoto wa bibi yangu wamekwisha kununua vitenge.