DUKA LETU NA SUPAMAKETI YA MJINI: TUPIME KWANZA NDIPO TUFUNGE



Mkutano mkuu ni Jumamosi hii, na ajenda ya nne mnaijua: duka letu lifungwe au lisifungwe, na kama likifungwa, fedha za mtaji zigawiwe wanachama. Wanaotaka lifungwe wana neno moja tu, eti mjini kila kitu ni rahisi. Tangu ifunguliwe ile supamaketi ya bei nafuu karibu na stendi, kila anayeshuka basi la jioni ana mfuko mkononi na hadithi mdomoni.

Sisi tunaoandika gazeti hili la ukutani hatukutaka kubishana kwa hadithi. Tulikwenda watatu, siku ya gulio, na orodha ya vitu ambavyo kila nyumba hapa hununua. Tukanunua, tukachukua risiti, tukarudi kupima kila kitu kwenye mizani ya ghala, ile iliyogongwa mhuri na Wakala wa Vipimo. Kesho yake tukanunua vitu vilevile dukani kwetu bila kumwambia muuzaji sababu. Atusamehe.

Tuanze na sukari, maana ndiyo inayotajwa sana. Kule kilo ni shilingi 2,900, kwetu ni 3,200. Uzito wa kule ni kamili, hatukuona ujanja. Basi wanaosema sukari ya mjini ni rahisi wanasema kweli, kwa shilingi 300. Lakini nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 6,000. Hebu pigeni hesabu wenyewe: mpaka uirudishe nauli hiyo kwa sukari, ununue kilo 20. Nani hapa ananunua kilo 20 za sukari kwa safari moja, kama si mwenye harusi?

Mafuta ya kupikia ndipo tulipokaa muda mrefu. Chupa ya kule ni shilingi 5,400, na lita yetu ni 6,000. Mtu akiona hivyo anasema nimeokoa 600. Kumbe chupa ile, ukisoma yale maandishi madogo ubavuni, ni mililita 900, si lita. Ukigawanya vizuri, lita ya kule nayo ni 6,000 kamili. Hawakudanganya, wameandika. Ni sisi hatusomi.

Tungeishia hapo tungejisifu. Lakini mmoja wetu akauliza: je, kile kipimo chetu cha shilingi 500? Tukakipima. Kinaingia mililita 70. Maana yake anayenunua kwa kipimo analipa zaidi ya shilingi 7,100 kwa lita, na mwenye fedha ya chupa nzima analipa 6,000 katika duka lilelile. Na wanaonunua kwa kipimo ni akina nani? Ni bibi anayelea wajukuu, ni kijana wa kibarua anayelipwa jioni. Loo! Tumekuwa tukisema juu ya walanguzi wa mjini miaka yote, na duka la ushirika, mali yetu sisi wenyewe, linamtoza maskini kuliko linavyomtoza mwenye uwezo. Hatusemi muuzaji ameiba. Kipimo kile kilikuwepo kabla yake, na hakuna mjumbe hata mmoja, pamoja na sisi, aliyewahi kukiuliza.

Maharage nayo yalitutia aibu. Ya kule ni shilingi 3,600 kwa kilo, yamechambuliwa, hayana jiwe. Yetu ni 2,800. Tulimwaga kilo moja mezani, tukachambua: mawe, maganda na punje zilizobunguliwa na wadudu vikafika gramu 110. Ukihesabu punje nzima peke yake, kilo yetu inafika kama shilingi 3,150. Bado ni rahisi, lakini hesabu hiyo haikuweka muda wa mama anayekaa na ungo. Na tukumbuke kwamba maharage ni zao letu. Wakati wa mavuno tuliwauzia wenye malori kwa 1,800, tukabakiza ya duka katika magunia ya kawaida, wadudu wakala. Mifuko ile isiyopitisha hewa ipo, mdudu humo hufa kwa kukosa pumzi. Hatukuinunua kwa sababu tuliona ni ghali.

Unga hatuna la kuhofia. Sembe ya kule ni nyeupe sana na imeongezwa virutubishi, jambo jema. Lakini imeongezwa kwa kuwa kukoboa huondoa pumba na kiini, na sehemu kubwa ya vitamini huondoka pamoja navyo. Dona la mashine yetu halijakobolewa, na ni rahisi kwa shilingi 400 kila kilo. Ubaya wake halikai muda mrefu, basi tusage kidogo kidogo. Mchele wa kule wa bei ya chini ulikuwa chenga tupu. Chai na kiberiti, tofauti ni ndogo, tusipoteze wino.

Sasa wale wa mjini wanawezaje kuuza sukari kwa bei ile? Si uchawi. Wananunua shehena kubwa kwa mara moja, wanaweka aina chache za kila kitu, mteja anajichukulia mwenyewe, wafanyakazi ni wachache. Ndivyo walivyofanya ndugu wawili wa Ujerumani, Karl na Theo Albrecht, baada ya vita vya pili vya dunia: walichukua duka dogo la mama yao katika mji wa Essen, na leo ndilo Aldi linalojulikana nchi nyingi. Na kabla yao, mwaka 1844, wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka la ushirika wakiwa na vitu vichache tu: unga, siagi, sukari, shayiri. Wakati huo wenye maduka walikuwa wakichanganya vyakula na takataka. Hawa waliuza chakula safi na uzito wa haki, na watu wakawafuata kwa hilo.

Wazee wetu watasema nao waliahidiwa hivyo katika Operesheni Maduka ya mwaka 1976, kisha rafu zikabaki na vumbi. Ni kweli. Ila na maduka makubwa huondoka. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka nchini mwaka 2014, na Uchumi ya Kenya ikafunga maduka yake hapa mwaka 2015. Ile ya stendi ikifunga siku moja nasi tumeshagawana mtaji, chumvi ya usiku tutaifuata wapi?

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, na tutayasema Jumamosi. Duka lisifungwe. Sukari, sabuni na mafuta vinunuliwe kwa jumla, mifuko na madumu, safari moja kwa mwezi pamoja na kijiji jirani, gari moja, gharama nusu kwa nusu. Kipimo cha mafuta kibadilishwe kabla ya mkutano, si baada yake, ili shilingi 500 ipate mafuta ya bei ileile ya chupa. Maharage ya msimu ujao yawekwe katika mifuko isiyopitisha hewa. Na bei ziandikwe ubaoni, kwa kilo na kwa lita, ili kila mtu alinganishe.

Anayepinga aje na hesabu yake, tutaibandika hapa. Risiti zote mbili tumezigandisha chini ya karatasi hii. Zile gramu 110 ziko kwenye bakuli mezani kwa katibu, na kipimo kile kipo pembeni yake.