Bomu la Karatasini Halikosi Shabaha

Miongoni mwa michezo inayowavutia vijana wa sekondari siku hizi umo mchezo wa kubuni nchi. Kijana hujitungia taifa lake, akalipa jina, bendera, katiba na mipaka, kisha akashindana na wenzake waliobuni mataifa yao, wengine wakiwa wakazi wa nchi ambazo yeye hajapata kuziona. Mataifa hayo yakisha kuwa na serikali na benki, hayakawii kuwa na jeshi. Na jeshi likisha kupatikana, hutakiwa silaha ambayo jirani hana. Hapo ndipo kijana wa Buhembe, katika Manispaa ya Bukoba, anapoketi na daftari lake la fizikia akabuni bomu la kuangushwa na ndege.

Bomu la namna hiyo aghalabu huandikwa kwa uangalifu unaostahili sifa. Uzito wake umetajwa, na kipenyo, na umbo la mabawa, na kiasi cha baruti, na kimo ambacho ndege yapaswa kuliachilia. Mwishoni huandikwa kwamba bomu hilo halikosi shabaha na kwamba hulipuka daima. Mwalimu atakayelisahihisha daftari ataona kuwa hesabu nyingi ni sawa. Kinachokosekana katika jedwali ni safu moja tu: safu ya yale yatokeayo bomu likikosa, na yale yatokeayo lisipolipuka. Kijana hana lawama kubwa katika hilo, kwa kuwa hata matangazo ya viwanda vya silaha hayana desturi ya kuionyesha safu hiyo, naye ameiga alichokiona. Lakini kwa kijana wa Mkoa wa Kagera upungufu huo ni wa ajabu kidogo, kwani safu inayokosekana iliandikwa katika ardhi ya mkoa wake mwenyewe.

Wapo wanaoshauri kwamba michezo ya aina hiyo ipigwe marufuku. Shauri hilo halina nguvu. Kwanza, halitekelezeki. Pili, mchezo na uhandisi ni ndugu wa karibu kuliko watu wazima wanavyopenda kukiri. Mwaka 1942 mhandisi Mwingereza Barnes Wallis alikuwa akirusha gololi za watoto wake juu ya maji ya pipa, nyumbani kwake Effingham, akitafuta namna ya kulifanya bomu liruke-ruke juu ya maji mpaka liufikie ukuta wa bwawa. Kila mtoto wa Bukoba aliyepata kurusha kijiwe bapa ufukweni mwa ziwa anaijua kanuni hiyo kwa mkono wake. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943 mabomu yaliyotokana na gololi hizo yaliyabomoa mabwawa ya Möhne na Eder huko Ujerumani. Kwa habari ya shabaha, hesabu za Wallis zilikuwa sahihi. Maji yaliyofunguliwa yaliua watu wasiopungua 1,200, na zaidi ya nusu yao walikuwa wafungwa wa vita na watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi nyingine ili kutumikishwa Ujerumani, wakiwamo wanawake wengi. Warukaji 53 kati ya 133 waliotumwa usiku ule walikufa. Wallis aliumizwa sana na vifo vya warukaji hao, na fedha za tuzo alizopewa baada ya vita alizitoa kwa shule aliyosoma yeye mwenyewe, zisomeshe watoto wa wanajeshi wa anga waliopotea. Vifo havikuwamo katika pipa la maji pale bustanini.

Mkazi wa Buhembe aliyepita miaka sitini leo hahitaji kupelekwa Ujerumani ili aelewe jambo hili. Septemba 1972 ndege za Idi Amin ziliushambulia mji wa Bukoba, zikafika hata Mwanza. Oktoba 1978 ndege aina ya MiG zilirudi tena Bukoba. Madhara ya shambulio hilo la pili yalikuwa madogo kuliko hofu iliyoletwa nalo: vioo vya madirisha vilipasuka na watu wakashikwa na taharuki. Muda mfupi baadaye majeshi ya Amin yaliivamia ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na tarehe 1 Novemba mwaka huo ikatangazwa kuwa sehemu ya Uganda. Ili majeshi ya Tanzania yasivuke, ndege za Uganda zilitumwa kulivunja daraja la Kyaka.

Msomaji na achukue karatasi. Ndege iendayo kwa mwendo wa kilometa 720 kwa saa hupita mita 200 kila sekunde. Bomu likiachiliwa kutoka kimo cha mita 2,000 huchukua kiasi cha sekunde 20 kufika chini, ikiwa ukinzani wa hewa hautahesabiwa. Na katika sekunde hizo zote huendelea kwenda mbele kwa mwendo ule lililoukopa kwa ndege, yaani kilometa 4. Rubani hana budi basi kuliachilia bomu angali mbali na daraja kwa kilometa nne. Akichelewa kwa nusu sekunde, bomu litaanguka mita 100 ng'ambo ya pale alipotaka. Kipimo chake cha kimo kikikosea kwa mita 100, huongezeka kosa jingine la mita 100 hivi. Upepo ulio juu huenda una nguvu tofauti na ule ulio chini, wala hakuna aliyeupima. Daraja la barabara, kwa upande wake, lina upana wa mita chache tu. Na katika hesabu hii bado hajaingizwa askari aliye chini na mzinga wa kutungulia ndege, ambaye humfanya rubani awe na haraka ya kurudi nyumbani.

Hivyo si ajabu kwamba mabomu yalikosa. Daraja la Kyaka lilivunjwa tarehe 3 Novemba 1978, lakini halikuvunjwa na ndege. Aliletwa mtaalamu wa baruti kutoka machimbo ya shaba ya Kilembe, akazifunga baruti kwenye daraja kwa mikono yake, na kazi ikaisha. Jambo hili lingefaa kufundishwa katika kila darasa la fizikia mkoani Kagera, kwa maana linaeleza tofauti kati ya nguvu na usahihi kwa ufasaha kuliko vitabu vingi. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev, iliyoundwa ili kwenda kasi kuliko sauti, ilitumwa kuushambulia mji wa Mwanza. Iliukosa mji. Kilichopigwa ni hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane. Mtumishi mmoja alijeruhiwa na swala kadhaa wakafa. Watu wa Mwanza wana haki ya kuucheka mkasa huo, lakini wacheke wakikumbuka kwamba kilichowaokoa ni kosa tu.

Wala makosa hayo si ya Afrika peke yake. Mwaka 1941 serikali ya Uingereza ilichunguza picha zilizopigwa na ndege zake zenyewe, ikagundua kwamba kati ya ndege zilizodai kuwa zimepiga shabaha, ni moja tu katika kila tatu iliyofika hata ndani ya kilometa 8 za shabaha hiyo.

Hapa kijana wa Buhembe atakuwa na jibu, na jibu lake ni la maana. Atasema kwamba bomu lake si la mwaka 1941 wala la mwaka 1978. Lina chombo cha kuliongoza. Ni kweli kwamba uongozaji umebadili mambo. Daraja la Thanh Hoa huko Vietnam lilishambuliwa na ndege za Marekani tangu mwaka 1965, mara mamia, likasimama. Mwaka 1972 mabomu yaliyoongozwa kwa mwanga wa leza yaliliangusha. Lakini bomu linaloongozwa hufuata lilichoambiwa, na anayeliambia ni mwanadamu. Mei 1999 mabomu ya Marekani yaliupiga ubalozi wa China mjini Belgrade, yakaua waandishi wa habari watatu. Mabomu hayo yalikwenda mahali hasa yalipotumwa; waliokosea ni waliolitafuta jengo katika ramani. Usahihi wa chombo hautibu ujinga wa anayekituma. Katika vita vya Kagera zilikuwapo ndege za Tanzania zilizotunguliwa karibu na Musoma na mizinga ya Watanzania wenyewe, waliodhani ni adui. Katika mchezo wa kijana, ndege ya rafiki hujulikana kwa rangi yake.

Sehemu ya pili ya safu inayokosekana ni nzito zaidi, nayo ni ya bomu lisilolipuka. Kiwashio cha bomu hutengenezwa kiwe salama wakati bomu lingali chini ya bawa la ndege, na kiamke baada ya kuachiliwa. Katika mabomu mengi ya zamani kazi hiyo hufanywa na pangaboi dogo linalozungushwa na upepo. Kisha kishindo cha kugonga ardhi ndicho kinachosukuma kipini na kuwasha baruti. Pangaboi likikwama, au bomu likigonga ubavu, au ardhi ikiwa laini, kipini hakisukumwi. Ardhi laini ni nyingi katika bonde la Mto Kagera: madimbwi ya mafunjo, tope la kingo za mto, udongo wa vibanja uliorutubishwa kwa matandazo vizazi na vizazi. Bomu zito huweza kuzama humo mita kadhaa likatulia.

Nalo halifi. Ganda la chuma huota kutu, lakini baruti iitwayo TNT haiozi kama mti na huyeyuka kidogo sana katika maji. Kiwashio ndicho kinachoharibika, na kuharibika kwake si usalama, maana hakuna tena ajuaye ni kishindo cha kiasi gani kitakachokiamsha. Laos ilipigwa na ndege za Marekani tangu 1964 hadi 1973, na kati ya mabomu madogo yapatayo milioni 270 yaliyomwagwa huko, inakadiriwa kwamba hadi milioni 80 hayakulipuka. Watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya vita wameyaokota. Kwa sababu ya mabomu hayo ya mtawanyiko ulitungwa mkataba wa kimataifa wa kuyapiga marufuku, nao ulitiwa sahihi mwaka 2008 na nchi nyingi, zikiwamo Tanzania na Uganda.

Mkoa wa Kagera una kumbukumbu yake ya karibu. Tarehe 8 Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa na mtoto aliyelidhania kuwa chuma chakavu lililipuka. Wanafunzi watano walikufa na makumi wakajeruhiwa. Halikuwa bomu la ndege. Lakini mtoto hatofautishi, na mnunuzi wa chuma chakavu hulipa kwa kilo. Bei hiyo ya chuma ndiyo hatari mpya ambayo hapana mbuni wa silaha aliyepata kuiandika katika jedwali lake.

Inafurahisha kuona kwamba sayansi ya Tanzania haikukaa kimya katika suala hili. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likiwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa TNT. Chombo cha kutafuta chuma hupiga kelele kwa kila msumari na kila kizibo cha chupa, ambapo panya hujali harufu ya baruti tu, tena ni mwepesi mno kuweza kulipua bomu lililotegwa. Panya hao walishiriki kusafisha Msumbiji, iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imeondolewa mabomu ya ardhini yanayojulikana. Mmoja wao aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake nchini Kambodia. Bomu la ndege lililozama mita nne ni shida nyingine, wala panya hawajaimaliza. Hapo ndipo palipo kazi ya kijana mwenye kipaji cha kubuni: kugundua chuma chini ya tope, kutambua kama kiwashio kimeamka, kutengeneza kiwashio kinachojizima chenyewe kikikosa kazi. Hesabu zake ni ngumu kuliko zile za kuangusha.

Mwalimu wa fizikia asilichane basi daftari lenye bomu. Alirudishe, na kando ya kila tarakimu aandike swali. Upepo ulikuwa wa kiasi gani? Rubani akichelewa sekunde moja, katika mita 200 hizo kuna nyumba ya nani? Katika mabomu mia, mangapi hayakulipuka, na nani atalima pale mwaka ujao? Kijana ambaye taifa lake ni la kubuni atalazimika kubuni pia wakulima wake. Zoezi hili halihitaji maabara. Lahitaji saa, ramani ya kata, na mzee aliyekuwapo mwaka 1978 akubali kuonyesha kwa kidole mahali yalipoanguka yale yaliyosikika, na mahali yalipoanguka yale ambayo hayakusikika. Wazee hao hupungua kila mwaka, na kazi hiyo ingefaa ianze muhula huu.